Kauri za Kukhu na Suala la Asili

Mwaka 1956, katika kisiwa cha Helgö nchini Uswidi, waakiolojia walifukua sanamu ndogo ya Buddha iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi. Sanamu hiyo iliundwa kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 6. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ikapatikana sarafu ya fedha ya Mfalme Olaf Kyrre wa Norway, aliyetawala kuanzia mwaka 1067 hadi 1093. Sarafu hiyo haikupatikana katika kijiji cha Waviking, bali katika makazi ya kale ya wenyeji wa Amerika. Makazi ya Waviking yaliyothibitishwa katika upande huo wa bahari yako L'Anse aux Meadows, kisiwani Newfoundland, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Je, tuseme Helgö palikuwa na Wabudha? Je, tuseme Waviking walijenga Maine? Wapo wanaoitilia shaka sarafu yenyewe, wakidai kwamba huenda ilipandikizwa na mtu wa zama zetu. Hata hivyo, wale wanaoikubali hawasemi kuwa Waviking waliishi Maine. Wanasema kwamba wenyeji waliipata kaskazini, wakabadilishana jirani kwa jirani, hadi ikafika mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mwenye sura ile. Nayo sanamu ya Buddha ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi katika njia za mito ya mashariki mwa Ulaya. Huko ndiko Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alikowakuta Warus mwaka 922 kando ya mto Volga, wakiuza ngozi za manyoya na watumwa ili wapate dirhamu. Hizo dirhamu ziliishia wapi? Katika kisiwa cha Gotland, mwaka 1999, lilifukuliwa lundo la fedha lenye sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa za nchi za Kiislamu. Hakuna aliyedai kuwa Gotland ilikuwa sehemu ya Dola la Kiislamu.

Nimewaleta Waviking katika jarida la Kiswahili kwa sababu. Mambo ya watu wa mbali huyafikiri kwa utulivu hata mtu asiye na utulivu. Kitu kikionekana ugenini, tunakubali upesi kwamba vitu husafiri. Lakini kitu hicho kikionekana nyumbani kwetu, ndani ya sanduku la nyanya yetu, tunakigeuza kuwa cheti cha ukoo.

Mimi nilizaliwa karibu na mto Sio, mwendo mfupi kutoka mji wa Busia. Mama wa baba yangu, ambaye kwa lugha yetu tunamwita Kukhu, ana mshipi wa kauri. Niliwahi kuzihesabu nikiwa mtoto: zilikuwa 96, na mahali pa nne nyingine palikuwa pamekatika. Si zile kauri kubwa zenye madoa zinazouzwa kwa watalii kule Mombasa. Hizi ni ndogo, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya jino la mzee, na kila moja imevunjwa mgongo ili uzi upite na ilale vizuri kwenye ngozi. Ukiitazama kwa makini kauri ya aina hii kabla haijavunjwa, utaona duara ya rangi ya manjano mgongoni mwake, kana kwamba imevishwa pete. Hiyo ndiyo kauri ya mwambao wetu. Huishi katika maji ya kina kifupi kuanzia Lamu hadi Msumbiji na kwingineko katika Bahari ya Hindi. Kutoka Mombasa hadi Busia, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 800. Konokono wa baharini hawezi kuzitambaa.

Babu yetu alipofariki, ulizuka mgogoro wa mpaka wa shamba baina yetu na jirani mmoja. Ikaitishwa baraza chini ya mwembe. Yalisemwa mengi kuhusu miti ya mkonge na mawe yaliyong'olewa. Kisha mzee mmoja wa upande wa pili akasimama, akavua kofia, akasema kwa upole: "Wazee wangu, mimi sina ugomvi na wajane. Nauliza tu: ni nani asiyejua kwamba katika nyumba hii mna simbi? Simbi ni fedha za Waganda. Sisi wenye nchi tulikuwa na majembe. Aliyekuja na simbi alikuja akikimbia vita ng'ambo, naye alikaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa haoneshi mpaka."

Baba yangu mdogo aliinuka akitetemeka kwa hasira. Yeye naye, badala ya kuzungumzia mkonge na mawe, akajibu kwamba kauri ni kitu cha Pwani, si cha Uganda. Alidai kwamba babu wa babu yetu alikuwa muungwana wa Pwani aliyekuja na misafara, na kwa hiyo sisi si wakimbizi wa mtu. Baraza likacheka. Mimi sikucheka. Watu wawili waliokuwa wakipigania ardhi moja walikuwa wamekubaliana, bila kujua, juu ya jambo moja tu: kwamba kauri ni mtu.

Kukhu hakuulizwa. Jioni ile nilimuuliza mimi.

"Kukhu, mshipi huu ulitoka wapi?"

"Mama yangu alinipa. Naye alipewa na mama yake. Huyo aliuza majembe ya ndugu zake."

"Na hao waliompa kauri, walitoka wapi?"

"Walitoka sokoni."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile, na sijapata jibu lililo bora kuliko hilo. Naomba nilipanue kidogo.

Mfanyabiashara wa kwanza wa Kiarabu kutoka Pwani anayetajwa kufika katika ikulu ya Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844, enzi ya Kabaka Suna II. Lakini bidhaa za bahari zilimtangulia. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Apolo Kagwa yanaeleza kwamba vikombe na sahani vilifika Buganda tangu enzi ya Kabaka Kyabaggu, katika karne ya 18, yaani vizazi kadhaa kabla ya Mwarabu au Mswahili yeyote kuonekana huko. Vilifikaje? Vilipita kwa Wanyamwezi na kwa watu wa kusini na magharibi mwa Ziwa, kila mmoja akivisogeza hadi mwisho wa nchi anayoijua na kumwachia jirani. Kwa njia hiyo bidhaa huenda mbali kuliko mfanyabiashara yeyote anayeihusika nayo, na mwisho wa safari hakuna anayejua mwanzo wake.

Baada ya hapo kauri zikamiminika. John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichochapishwa mwaka 1911, anataja bei: ng'ombe kauri 2,500, mbuzi 500, kuku 25. Jina la kauri kwa Kiganda ni ensimbi, na hadi leo, miaka zaidi ya 100 baada ya konokono huyo kuacha kununua chochote, ensimbi ni neno la kawaida la fedha jijini Kampala. Katika Kiswahili tunalo simbi kwa maana ileile ya kauri, ingawa vijana wengi hawalijui. Wajaluo, majirani zetu wa kusini, wao huziita gagi, na waganga wao walizirusha chini ili kusoma mambo yajayo. Jamii moja imezifanya fedha, nyingine pambo, nyingine kitabu cha ramli. Lau kauri ingekuwa cheti cha ukoo, ingewabidi wote hawa wawe ukoo mmoja.

Kulikuwa na njia nyingine pia, iliyo karibu zaidi na kwetu. Misafara ya Pwani ilikuwa ikifika kwa Wanga, mahali ambapo leo ni Mumias, kabla ya Joseph Thomson kupita huko mwaka 1883. Walibeba nguo, nyaya za shaba, na shanga. Shanga hizo nazo zina kisa chake: nyingi zilitengenezwa Venice, zikasafirishwa hadi Unguja, na huko zikapewa majina na Waswahili. Richard Burton aliyaorodhesha baadhi yake katika miaka ya 1850. Shanga ndogo nyekundu, samesame, ilikuwa na lakabu ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. Sisi wanafunzi wa fasihi tungefaa kuandika tasnifu nzima juu ya lakabu hiyo! Fundi wa Venice hakuijua Busia, na mvaaji wa Busia hakuijua Venice. Jina nalo lilitungwa na mtu wa tatu aliyesimama katikati.

Na majembe aliyoyataja Kukhu? Wasamia walikuwa wahunzi mashuhuri. Chuma cha vilima vyao kilifuliwa majembe yaliyofika kwa Wajaluo na Busoga, na pengine yalitolewa mahari. Kwa hiyo jembe la Samia linaweza kufukuliwa leo mbali na kilima chochote cha Samia. Kauri iliingia kwetu kwa mlango uleule ambao jembe lilitokea. Mzee wa barazani alipoyatenganisha majembe ya wenye nchi na simbi za wageni, aliutenganisha mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi katika soko lilelile.

Sitaki msomaji adhani kwamba kauri hizi zilisafiri upande mmoja tu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald miongoni mwao, walipakia melini kauri za mwambao wetu na kuzipeleka Afrika Magharibi kununulia mafuta ya mawese. Zilifurika huko hata thamani yake ikaporomoka. Yamkini basi dada wa kauri za Kukhu, walioishi katika mwamba mmoja huko Unguja au Mafia, walifia Lagos.

Mzee yule alisema aliyekuja na simbi alitoka ng'ambo. Ng'ambo ya nini? Hadi mwaka 1902 Busia na Mumias zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliliondoa jimbo hilo Uganda na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Bibi yake mama wa Kukhu, aliyeuza majembe, hakuvuka mpaka wowote kwa sababu mpaka haukuwapo. Mpaka ndio uliovuka, ukampita akiwa palepale na jembe lake. Leo mto Sio huku, na mto Malaba kwa ndugu zetu Wateso, ni mstari wa nchi mbili. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia wako pande zote mbili, na kauri pia.

Mgogoro wa shamba ulikwisha kwa ramani ya upimaji, si kwa kauri. Lakini maneno ya barazani hayakufutwa na ramani. Mdogo wangu alipofikisha umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, aliulizwa habari za babu, na baba wa babu, na kama kuna mtu wa jirani awezaye kuapa kwamba watu hawa ni wa hapa. Jirani aliyeitwa alisita. Hakusema uongo. Alisema tu kwamba amesikia. Mdogo wangu alisubiri miezi kumi na minne, na katika muda huo aliikosa nafasi ya chuo. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la asili kama zoezi la darasani.

Darasani kwenyewe, hata hivyo, hoja ya mzee yule inafahamika sana. Ni nani miongoni mwetu ambaye hakuikuta katika mwaka wa kwanza hoja kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa kuwa msamiati wake umejaa maneno ya Kiarabu? Wahadhiri wetu hutufundisha kuijibu kwa ngeli na viambishi, na jibu hilo linatosha. Linalonishangaza mimi ni mfanano wa hoja hizo mbili. Neno sanduku likionekana ndani ya lugha, lugha inaambiwa ni ya Waarabu. Kauri ikionekana ndani ya sanduku, nyumba inaambiwa ni ya Waganda.

Miji ya kale ya Pwani iliwahi kutendewa vivyo hivyo. Palipofukuliwa vigae vya Uchina na Uajemi, baadhi ya watafiti wa zama za ukoloni walikata shauri kwamba wajenzi walikuwa wageni. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, alionesha kwamba vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo tu, na kwamba tangu tabaka za chini kabisa, za karne ya 8, vyungu vingi mno ni vya ufinyanzi wa Kiafrika. Aidha, nani amewahi kuiita Gedi mji wa Wachina kwa sababu ya sahani zake? Na sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, hazijaifanya Australia kuwa koloni la Sultani wa Kilwa.

Lakini haki ni haki, na hoja yangu isiwe kisingizio cha kukana kila uhamaji. Watu nao husafiri. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Pwani na mji mmoja wa bara, wengi kati ya miaka ya 1250 na 1800. Katika wengi wa watu wa miji ya Pwani, nasaba ya upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa, na ya upande wa akina baba ilikuwa na asili kubwa ya Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Matokeo hayo hayakuifurahisha kambi yoyote kikamilifu. Mimi yananivutia kwa jambo moja: waliotaka kujua nani alikuja walikwenda kuuliza mifupa, hawakuuliza sahani. Sahani ingewajibu kama alivyonijibu Kukhu.

Kamusi zetu zimejaa vitu vya namna hii. Chukua neno kauri lenyewe. Ni konokono, na pia ni udongo laini unaotengenezewa vikombe vya thamani. Waitaliano nao walikiita chombo cha Kichina kwa jina la konokono huyohuyo, porcellana, kwa mng'ao wake. Au chukua hela. Wajerumani walianzisha sarafu ya Heller katika koloni lao mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Jina hilo lilitokana na mji wa Hall ulioko Swabia, uliofua sarafu hizo katika enzi za kati. Wajerumani walishindwa vita, sarafu ikafutwa, na leo mama muuza dagaa wa Mwanza anatamka jina la mji wa Swabia mara hamsini kwa siku. Hakuna baraza litakalomwambia kwamba yeye ni Mjerumani.

Mama yangu huuza mitumba mjini Busia. Likizo iliyopita tulifungua robota pamoja, akatoa sweta nene ya sufu yenye jina la klabu ya michezo ya theluji ya mji fulani wa Norway. Tulicheka, maana sweta ya namna ile katika joto la Busia ni adhabu. Ilinunuliwa siku ileile na mlinzi wa usiku wa upande wa Uganda, naye akavuka nayo akiwa ameivaa. Nilimtazama akipotea kati ya malori, nikamwonea huruma mwakiolojia wa miaka elfu moja ijayo atakayekikuta kifungo chake Bugiri au Iganga.

Mwisho, nisije nikalaumiwa kwamba mji wangu ni wa kupokea tu, nitaje kitu kimoja kilichotoka kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri asiye na gari alipaswa kukitembea kwa miguu, na mizigo yake kichwani. Vijana wenye baiskeli wakatia mto juu ya keria, wakawa wanawavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Walitangaza kazi yao kwa kulikariri neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka Kibantu: boda, boda! Neno hilo lilizaliwa hapo mpakani, Busia na Malaba. Baiskeli zilifuatwa na pikipiki, mto ukaondoka, na mnamo Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi, hata kile kipande cha njia kilikuwa kimepoteza maana yake ya zamani. Neno lilikuwa limekwisha kwenda zake Kampala, Nairobi, Arusha, Mtwara.

Mwaka 2023 nilihudhuria kongamano Dar es Salaam. Kijana aliyenipakia kutoka Ubungo kwenda Mlimani aliisikia lafudhi yangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Akapunguza mwendo kidogo ili tusikizane.

"Dada, huko kwenu nako bodaboda zimeshafika?"

Nikamwambia zimefika.